Sahani ya Tatu

14 Januari

Mwanangu,

Marahaba. Natanguliza kuitikia maana najua shikamoo yako iko njiani, na mwendo wa posta unaujua. Sisi wazima. Goti langu la kushoto lina visa vyake: likitaka kwenda tunakwenda, likigoma tunakaa. Mama Redio wa nyumba ya pili anakusalimu. Amenituma nikuambie kwamba amenenepa, nami nimetii. Paa la upande wa jikoni lilikuwa linavuja, nikaliziba kwa kipande cha soli na gundi ya viatu. Fundi wa mapaa akiliona atalia.

Habari kubwa ni kwamba mwanao Nukta ameanza shule. Viatu nimemshonea mwenyewe, vyeusi, vyenye nafasi ya kidole kwa mbele ili vimfikishe mwisho wa mwaka. Sare imemmeza, unaona kichwa na soksi tu. Mimi ndiye niliyepaswa kumpeleka, lakini alinipeleka yeye. Nilipofika mlangoni mwa darasa la kwanza nilikuwa nahema, naye alishapata kiti na rafiki.

Mwalimu wao ni binti mdogo, mpole, ana chaki mpaka kwenye nyusi. Akawa anawauliza mmoja mmoja, nyumbani kwenu mko wangapi? Zamu ya Nukta ikafika, akasimama wima. "Watatu. Mimi, Babu na Mama. Mama ametoka." Mwalimu akaandika watatu. Mimi niliyekuwa nachungulia dirishani nikakohoa, nikaenda zangu.

Unajua hiyo imetoka wapi. Siku ulipoondoka alikuwa na miaka minne, akagoma kula mpaka nilipoiweka mezani sahani yako, ile ya bati yenye ukingo wa bluu, nikamwambia, "Tuko watatu, mmoja ametoka tu." Tangu siku ile yeye ndiye mpangaji wa sahani, na hupanga tatu. Yako haitiwi kitu, lakini baada ya kula huoshwa pamoja na zetu. Aliwahi kuniuliza mbona sahani ya bibi yake iko juu ya kabati na haishuki. Nikamwambia bibi alifariki, harudi. Akaridhika, hakuuliza tena.

Kuhesabu anajua, usiwe na wasiwasi. Amejifunzia hapa kibandani kwangu, kwenye viatu vya wateja vilivyo rafuni, jozi kwa jozi. Kila anayeleta kiatu lazima nimpigishe mtoto hesabu mbele yake, watu wameshaanza kunikimbia.

Sasa mama, ulimwahidi kwamba akianza shule utakuwa umerudi. Ameanza. Ananiuliza, na mimi najifanya nina misumari mdomoni. Nimwambie nini?

Baba yako


20 Februari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo, ingawa marahaba nimeshaipokea. Nimecheka peke yangu jikoni mpaka mpishi akanitazama vibaya. Goti lipake mafuta ya moto, baba, usilipake gundi, maana nakujua. Mama Redio mwambie mimi nimekonda, tumekutana katikati.

Mimi mzima. Yule mama mzee ninayemtunza naye yupo, ila kichwa chake kinazidi kumpotea. Kila siku baada ya chai anataka kisanduku cha vijiko vya fedha aone kama vimetimia. Ni dazeni moja. Anahesabu, akifika kwenye saba au nane anasahau alipo, anaanza upya. Mimi kazi yangu ni kushika kisanduku. Akimaliza anasema kimoja kimeibwa, ananitazama, kisha ananiita kwa jina la binti yake na kuniambia nikae nipumzike. Siku nzima inakwenda hivyo. Miguu inauma lakini si kazi ya shamba, sina haki ya kulalamika.

Barua naziposti kwa mkono wa dereva wa nyumba hii, ndiyo maana zinachelewa. Akiwa na safari za bwana, yaani mtoto wa huyu mama, barua inakaa mfukoni mwake inasubiri.

Nimeisoma ile sehemu ya viatu na sare, nikarudia. Mbona hujasema nywele zake nani anazisuka? Soksi anavaa rangi gani?

Na sahani yangu, baba, msiache kuipanga. Ninapokula hapa, nimesimama kando ya jiko, najiambia huko mezani nina sahani yangu, kwa hiyo nipo. Nukta mwambie nakuja muhula wa kwanza ukiisha. Mwambie hivyo tu.

Binti yako


2 Aprili

Mwanangu,

Natumaini afya ipo na vijiko vimetimia. Sisi tunavuta siku. Nywele anasukwa na Mama Redio, mistari mitano, na habari za mtaa mzima anazipata humo humo. Soksi ni nyeupe asubuhi, jioni hazina jina.

Muhula umekwisha wiki iliyopita. Nukta alikaa kwenye kizingiti siku mbili na viatu vyake vya shule miguuni. Siku ya tatu akavivua. Hayo nayaacha hapo.

Ninachokuandikia ni kingine. Mwalimu aliniita. Nikavaa koti. Nilidhani nitapewa pongezi, maana kujumlisha mtoto anajumlisha kama anacheza. Kumbe tatizo ni kutoa. Karatasi nzima ya kutoa imejaa kosa, kosa, kosa. Machungwa matano, mawili yamepelekwa sokoni, yamebaki mangapi? Ameandika matano. Mwalimu akadhani swali halikueleweka. Akamwita pale pale mbele yangu, akamwaga vizibo vya soda mezani, vinane, akachukua vitatu akavitia mfukoni mwake. "Haya Nukta, vimebaki vingapi?"

"Vinane."

"Hebu tazama mezani."

"Mezani vitano, mwalimu. Vitatu viko mfukoni mwako."

Mwalimu akaniangalia mimi, mimi nikaangalia dari. Nilijua mara moja. Hiyo ni sauti yangu, mwanangu. Tangu anatambaa ananisikia kibandani. Mteja akichukua viatu vyake, mtoto akilia kwamba viatu vimekwenda, mimi namwambia, "Vitarudi tu, soli ikiisha utaviona hapa." Na kweli huwa vinarudi, ndiyo kazi yangu inavyokwenda. Kwa hiyo kwake yeye kilichotoka hakijapungua, kimetoka tu. Akirudi nyumbani mezani anakuta hesabu ni ile ile. Nani atamwambia vingine?

Nilijaribu. Nilimkalisha kwenye kigoda, nikatoa jozi mbili kwenye rafu, nikazipeleka chumbani. Zimebaki ngapi? Zote. Nikarudia, nikarudia tena, mwisho nikampigia kelele hata mteja aliyekuwa anasubiri akashtuka. Nukta akaingia chini ya meza ya kazi akakaa humo na vipande vya ngozi. Nilijisikia mtu wa hovyo kabisa.

Mwalimu hana ubaya. Amesema ana mwaka mzima wa kujaribu, lakini asipojua kutoa hatapanda darasa la pili, ataachwa na wenzake. Wewe una kichwa chepesi kuliko mimi. Niambie nifanye nini.

Baba yako


19 Mei

Baba yangu,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa, dereva alikuwa likizo na mtu mwingine wa kumpa barua sina. Mimi mzima. Mama mzee alianguka bafuni lakini hakuvunjika. Kwenye vijiko siku hizi hafiki hata saba. Anafika sita, anavirudisha, anaangua kilio. Nimeanza kumhesabia mimi kwa sauti, naye anafuata nyuma yangu kama mtoto.

Baba, usimpigie mtoto kelele. Najua hukutaka. Nimemwona chini ya ile meza kama vile nilikuwepo, maana na mimi nilikuwa najificha pale pale.

Nimefikiri hivi: tumia vitu vya kula. Viatu vinarudi, sawa. Vizibo viko mfukoni, sawa. Lakini kilicholiwa kimeliwa, atakiona wapi? Nunua karanga. Atakula mwenyewe na atahesabu zilizobaki, hapo atanasa.

Ila mfundishe kwa karanga tu, baba. Usimfundishe kwa sahani. Naomba hilo.

Mwambie muhula wa pili ukiisha.

Binti yako


8 Julai

Mwanangu,

Wazima sote, goti ndilo lisilosikia la mtu. Mama Redio ameharibu redio yake, sasa anasikika mara mbili zaidi. Pole na mama mzee, mtu mzima kuanguka si jambo dogo.

Karanga nimenunua. Nikampangia kumi juu ya meza, nikamwambia kula tatu. Akala, tena kwa adabu, moja moja. Zimebaki ngapi? "Kumi, Babu. Tatu ziko tumboni kwangu." Akanionyesha na tumbo, akafunua shati. Nikacheka mpaka kiti kikalia. Nikampelekea mwalimu kisa hicho, naye akacheka, kisha akaacha kucheka ghafla, akaniambia, "Babu, wenzake sasa wanatoa namba za makumi." Nikarudi nyumbani polepole na karanga zangu mfukoni.

Darasani wameshaanza kumtania. Wanamwita Hakipungui. Mwanzoni alidhani ni sifa. Juzi amerudi akaniuliza kama yeye ni mjinga. Nilimwambia mjinga ni babu yake. Akafikiri, akasema hapana, babu anajua viatu.

Muhula wa pili umekwisha, mwanangu. Kizingitini alikaa siku moja tu safari hii.

Sasa nisikilize, na usinune. Nimekaa na huyu mtoto, nimefungua mdomo mara nyingi kumweleza, kila nikifika kwenye sahani nachukua nyundo naanza kugonga kiatu. Nimtolee mfano wa kitu gani katika nyumba hii, wakati kitu kikubwa kilichotoka ndicho nilichomwambia kila siku kwamba bado kipo? Mimi ndiye niliyemfunga fundo hili, na kulifungua siwezi peke yangu, kwa sababu sijui ukweli wenyewe. Usiniandikie mihula. Mihula inaisha. Andika tarehe, au andika kwamba huji. Lolote utakaloandika nitalibeba, bora niwe nalijua.

Baba yako


30 Septemba

Baba,

Shikamoo. Leo sitakuuliza goti, nisamehe, nikianza na goti nitapita pembeni tena.

Barua yako niliikalia wiki nyingi. Sina tarehe, baba. Hati yangu ya kusafiria iko kwenye droo ya bwana, na ufunguo anatembea nao. Mkataba wangu ulikwisha mwezi ule Nukta alipoanza shule. Nilikwenda kwake nimefunga mizigo. Akaniambia kwa upole kabisa, bila hata kuinuka, kwamba mama yake amenizoea na hawezi kubadilishiwa mtu sasa, kwa hiyo nitakaa mpaka mama atakapokuwa hanihitaji tena. Nimelia, nimepiga magoti, nimegoma kula, nimetoroka siku moja kwenda ofisi ya serikali, nikaambiwa nirudi na hati yangu ndipo wanisikilize. Nikawaambia hati ndiyo ninayoidai. Wakaniambia ndiyo, basi nirudi nayo.

Sikukuandikia haya mapema kwa sababu ungefanya nini? Ungelala macho tu.

Mbaya zaidi ni kwamba mama mzee nampenda. Ananishika mkono kama nitapaa. Kila siku nampa dawa zake, namwombea afya, na nikimwombea afya najifunga mwenyewe. Siku nikikosa kumwombea naogopa nafsi yangu. Vijiko sasa anahesabu viwili tu, kimoja mkono huu, kimoja mkono huu.

Nukta usimwambie, baba. Hata ukibanwa. Na hesabu mwache asijue. Arudie darasa, arudie hata mara mbili, wamwite Hakipungui, nitakuja kumfuta machozi mimi mwenyewe siku moja. Mtoto anayeamini kwamba aliyetoka bado yumo ndiye kitu pekee nilichonacho huko. Akishajua kutoa, baba, atanitoa mimi wa kwanza.

Nakuomba kama mtoto wako. Msiiondoe sahani.

Binti yako


5 Desemba

Mwanangu,

Marahaba, mama. Barua yako nimeisoma hapa kibandani mlango umefungwa, wateja wamegonga wamechoka. Kisha nikainuka niende kwa nani? Nilivaa koti, nikafika barabarani, nikasimama. Sina hata jina la huyo bwana. Nina namba ya sanduku la posta tu, na mji wenyewe naujua kwenye muhuri wa bahasha. Nikarudi, nikavua koti. Nimezaa mtoto, amefungiwa, na mimi ninachoweza kumfanyia ni kununua bahasha. Inaniuma kuliko ninavyojua kuandika.

Ulichoniomba nilikishika. Sikumwambia neno. Hesabu niliziacha, karanga tukazila kama watu wengine. Mwalimu akiniita najifanya nimezidiwa na kazi. Nilisema moyoni, arudie darasa, mama yake ameomba.

Lakini nakuandikia kilichotokea, maana wewe umeniandikia chako bila kuficha.

Kulikuwa na buti za mlinzi wa ghala, unazikumbuka, zile kubwa ambazo Nukta alikuwa anaingia mguu mzima mpaka pajani. Kila baada ya miezi kadhaa zinaletwa, zinawekwa soli, zinaondoka, zinarudi. Mwezi uliopita mke wake akaja kuzichukua. Wanahama, wanakwenda kwa watoto wao, mbali, ghala limefungwa. Akatuaga vizuri, akambusu Nukta. Alipotoka, Nukta akaniuliza kama siku zote, "Zitarudi lini, Babu?" Nami nilikuwa nimeinama, nachomoa uzi uliokwama, akili haipo. Nikajibu, "Hapana, hizo haziji tena." Basi. Hivyo tu. Nilimjibu kama ningemjibu mtu yeyote.

Nilipoinua uso nikamkuta anaitazama rafu. Ilikuwa na jozi kumi na mbili asubuhi. Akasema taratibu, "Basi zimebaki kumi na moja."

Mwanangu, nisikufiche, nilipiga kelele za furaha. Nilisahau kila kitu, barua yako, ahadi, goti, vyote. Nilimbeba, mimi na mguu wangu huu, mpaka shuleni, viatu vya watu nimeviacha wazi. Mwalimu akatoa vizibo. Vinane, toa vitatu? Vitano. Kumi toa nne? Sita. Ndege saba ukutani, watatu wameruka? Wanne. Mwalimu akafuta macho, akajipaka chaki usoni, tukawa tunacheka sote watatu kama wendawazimu. Mtihani wa mwisho amepata yote. Anapanda darasa la pili.

Siku ile ya buti nilikuwa bado nacheka tulipofika nyumbani. Nikapasha chakula moto, yeye akachukua sahani. Akaweka yake, akaweka yangu. Ya tatu akabaki nayo mkononi. Akasimama pale, akaniuliza, "Babu, Mama ni kama buti za mlinzi, au ni kama viatu vya watu wengine?"

Misumari sikuwa nayo mdomoni. Ungekuwa wewe ungemjibuje? Kumwambia unakuja, nitakuwa nimedanganya. Kumwambia huji, nitakuwa nimekuua. Nilichukua kikombe nikanywa maji. Yalipoisha nikakishika tu, nikaendelea kunywa yasiyokuwemo. Alinisubiri. Hujui jinsi huyu mtoto anavyojua kusubiri.

Kisha akavuta kigoda, akapanda, akaiweka sahani yako juu ya kabati, juu ya ile ya marehemu mama yako. Aliiweka kwa upole, haikulia hata kidogo. Akashuka, akarudisha kigoda mahali pake, akakaa.

"Tuko wawili, Babu."

Hakulia. Ningetamani alie. Alikuwa ananitazama vile anavyomtazama mwalimu akisubiri alama. Nilitaka kumwambia amekosa, mwanangu. Niliufungua mdomo niseme hivyo. Lakini mwaka mzima ameitwa mjinga kwa sababu yetu, na jibu alikuwa nalo, limekaa sawasawa mbele yangu mezani.

Nikamwambia, "Vema."

Baba yako